Uzi maalumu: Katani ya Tanga, maganda ya korosho na kompoziti tunazoweza kuunda wenyewe. Niliyoyaona karakanani

#1 FundiRaskazone

Wakuu, habari za wakati huu.

Mimi ni fundi wa faiba, karakana yangu iko Tanga mjini. Nimeunda mashua, matanki ya maji na maboneti ya malori, na kwa miaka yote hiyo mati ya nyuzi za kioo, resini (ile gundi ya majimaji) na hadina (dawa ya kuigandisha) vimekuja kwa meli. Ukipita Pongwe tu, mkonge umejipanga pande zote mbili za barabara. Jambo hilo lilinikaa moyoni muda mrefu. Huu ni mwaka wa nne najaribu kuweka katani, yaani nyuzi za mkonge, mahali pa nyuzi za kioo. Leo naeleza nilichokiona, ili anayetaka kuanza asianguke nilipoangukia mimi.

Kwa wasiolijua neno kompoziti: ni kitu kimoja kilichoundwa kwa vitu viwili au zaidi, na kila kimoja kinabaki na tabia yake. Nyumba ya kukandika ni kompoziti. Udongo ukigandamizwa unastahimili, ukivutwa unapasuka. Fito zinavutwa na kupindwa bila kukatika, lakini hazizuii upepo wala mvua. Ukifunga fito ukazikandika, unapata ukuta uliolea babu zetu. Kwenye faiba, nyuzi ndizo fito na resini ndiyo udongo. Nyuzi zinabeba mzigo, resini inazishika zisiachane na kuupitisha mzigo kutoka uzi mmoja kwenda mwingine.

Sasa mkasa. Kazi yangu ya kwanza kubwa ya katani ilikuwa paneli 12 za kibanda cha mteja. Nilinunua katani iliyotoka brashi (mashine ya kuchana na kusafisha nyuzi), nyeupe, inang'aa. Nikaikata, nikaitandika kwenye moldi, nikaimwagia resini ya polyesta kama ninavyofanya kwa kioo. Zilitoka zinapendeza. Masika yakaja. Mwezi wa tano mteja akanipigia simu, nikaenda. Paneli za upande unaopigwa na mvua zilikuwa zimevimba kingo kama mkate uliolowa chai, na ukizigonga kwa kidole zinatoa sauti ya kitu kilicho wazi ndani. Nikamrudishia fedha zake, nikazibeba.

Moja niliibana kwenye jiliwa nikaivunja taratibu. Paneli ya kioo iliyoundwa vizuri ikivunjika, nyuzi zinatokeza fupi fupi ufani, zimeng'ang'ania resini. Hii yangu ilikuwa na ndevu. Nyuzi zilichomoka urefu wa kidole, safi kabisa, hazina hata chembe ya resini. Upande wa pili vikabaki vitundu vya mviringo, kuta zake laini kama tundu la sindano kwenye kipande cha sabuni. Resini ilizizunguka tu zile nyuzi, haikuzishika.

Nikarudi kwenye lile furushi la katani. Nikapima kilo moja, nikaiweka kwenye oveni kwenye nyuzijoto 100 usiku kucha. Asubuhi mzani ukasema gramu 890. Ile katani niliyoiona kavu mkononi ilikuwa na gramu 110 za maji, nami nikayafungia maji hayo ndani ya paneli.

Tangu siku hiyo utaratibu ni huu. Katani inalowekwa kwenye maji ya kostiki, ile ya watengeneza sabuni, gramu 50 kwa kila lita ya maji, kwa saa chache. Inasuuzwa mpaka utelezi uishe, inaanikwa, inamalizikia kwenye oveni, na inatoka oveni kwenda moldi moja kwa moja. Ukiiacha mezani mpaka mchana kwa hewa hii ya Tanga, imeshakunywa maji tena. Kila ukingo unaokatwa unapakwa resini siku hiyo hiyo.

Paneli za utaratibu huu zina miaka miwili na nusu nje, kwenye ua wangu, bila paa.

Upande wa nguvu lazima tuambiane ukweli. Uzi wa katani unavumilia kuvutwa kwa megapaskali 400 hadi 700 hivi, wa kioo unapita 2,000. Kwa ukakamavu, yaani kugoma kunyooka au kupinda, katani ni gigapaskali 9 hadi 22, kioo ni 70 na ushee. Asikudanganye mtu kwamba katani inashinda kioo. Ila katani ina uzito wa gramu 1.45 hivi kwa sentimita moja ya ujazo, kioo 2.55. Na kwenye paneli inayopindwa, kama mlango, dari au ubao wa meza, unene ndio unaotawala: ukiongeza unene kwa robo, ukakamavu unakaribia mara mbili. Kwa hiyo unaongeza unene kidogo kwa nyuzi nyepesi, na paneli inasimama bila kuwa nzito. Kwa mlango wa kabati naitumia bila wasiwasi. Kwa mkuku wa mashua inayokwenda Pemba, bado natumia kioo.

Karibuni tujadiliane.

---

#2 MwanaKorogwe

Mkuu umenigusa. Nimezaliwa kambini, baba alikuwa korona, mama brashi. Kwa wasiojua, korona ni ile mashine kubwa inayoponda majani ya mkonge na kuyakwangua mpaka zibaki singa. Jani moja lina singa kama 1,000, lakini kwa uzito singa hizo ni asilimia 2 hadi 5 tu ya jani. Zilizobaki ni maji na makapi ya kijani yanayokwenda mtaroni, na harufu yake mtu wa Korogwe anaijua akiwa amefumba macho.

Swali langu: kwa nini unanunua katani ya brashi? Hiyo ni ya kusokota kamba, inalipiwa urefu na weupe. Wewe unaikata vipande! Tafuta nyuzi fupi, zile zinazodondoka brashi na zinazookotwa kwenye maji ya korona. Bei yake ni ndogo sana na kwa kutengeneza mati ndizo zinazofaa.

---

#3 FundiRaskazone

MwanaKorogwe, asante sana. Nilizijaribu za kwenye maji ya korona. Shida ni kwamba bado zina nyama ya jani iliyokaukia juu, na pale penye nyama resini haishiki kabisa. Za brashi ni safi zaidi, ila zina vumbi, lazima zikung'utwe. Kwa paneli za dari sasa hivi natumia za brashi, na ndefu naziweka kwenye kingo na kwenye sehemu inayobeba bawaba.

---

#4 BintiKemia

Mada nzuri mno. Naongezea kwa nini kostiki inasaidia, maana watu wengi wanafanya bila kujua wanafanya nini.

Uzi wa mkonge si kitu kimoja. Ni fungu la vijiuzi vidogo vya selulosi vilivyogandishwa pamoja kwa lignini na hemiselulosi, na juu yake kuna ngozi nyembamba ya nta. Selulosi ni kama theluthi mbili ya uzi na ndiyo yenye nguvu. Hemiselulosi ndiyo mlevi mkubwa wa maji. Kostiki inaondoa nta na sehemu ya hemiselulosi, ngozi ya uzi inakuwa na mikwaruzo, na resini inapata pa kujishikiza. Zile kuta laini za vitundu alizoziona mleta mada ndiyo picha yenyewe ya uzi uliobaki na nta yake.

Mambo matatu ya usalama, tafadhali msiyapuuze. Mimina kostiki kwenye maji, kamwe usimimine maji kwenye kostiki, yatachemka na kukurukia usoni. Usitumie sufuria ya alumini, kostiki inaila na kutoa haidrojeni, gesi inayowaka. Tumia ndoo ya plastiki nzito. Na vaa glavu na miwani hata kama unaloweka kidogo.

Kuzidisha nako ni hasara. Ukiweka kostiki kali sana au ukiacha muda mrefu, unaanza kuila selulosi yenyewe, na katani inakatika mkononi kama nyasi kavu. Kwenye maji ya mwisho ya kusuuza weka siki kidogo ili kuua kostiki iliyobaki.

---

#5 MzeeWaUsagara

Vijana nawasoma. Lakini haya si mageni. Miaka ya 80 tuliletewa vigae na mabati ya saruji iliyochanganywa na katani, tukaambiwa yatachukua nafasi ya mabati ya chuma. Nilijengea banda la kuku. Mwaka wa kwanza unayapanda juu kwa miguu. Mwaka wa nne au wa tano ukiyagonga yanapasuka kama kigae cha chungu, na ukiangalia ufani katani imekuwa unga. Imani yangu ilikufa hapo. Hiyo resini yenu haitafanya hivyo hivyo?

---

#6 MhandisiMbarali

Shikamoo mzee. Ulichokiona kina sababu inayojulikana, na katani haikuwa mbovu.

Maji yaliyo ndani ya vitundu vya saruji ni makali mno, pH yake (kipimo cha ukali, ambapo maji safi ni 7) inakaribia 13. Ukali ule ule ambao BintiKemia anautumia kwa saa chache kusafisha uzi, kwenye saruji unaukaa uzi miaka. Unayeyusha lignini na hemiselulosi zinazogandisha vijiuzi, uzi unasambaratika ndani kwa ndani, na chokaa inajipenyeza na kuujaza. Bati linabaki saruji tupu iliyoonekana kuwa na nyuzi. Wakati wa mvua na jua kupokezana kazi hiyo inakwenda haraka zaidi.

Dawa yake ni kupunguza ukali wa saruji, kwa kubadilisha sehemu ya saruji na kitu chenye silika inayokula chokaa. Huku kwetu Mbarali kitu hicho tunakichoma pembeni mwa kila kinu: pumba za mpunga. Pumba ni kama sehemu ya tano ya uzito wa mpunga, na zikiungua zinaacha majivu ambayo zaidi ya asilimia 85 ni silika. Sharti ni moto usizidi nyuzijoto 700 hivi. Moto ukiwa mkali sana silika inageuka fuwele na kulala, haifanyi kazi tena. Majivu ya kijivu ndiyo tunayoyataka.

Kwenye resini hakuna ukali huo, mzee. Adui wa huko ni maji na jua.

---

#7 MzeeWaUsagara

Marahaba mwanangu. Miaka yote hii hakuna aliyekaa kunieleza. Nashukuru.

---

#8 NewalaHalisi

Natokea Newala, na ninachotaka kusema kinahusu upande wa resini, maana mleta mada bado ananunua resini ya nje iliyotokana na petroli. Kwa hiyo nusu ya kazi tu ndiyo ya nyumbani.

Ganda la korosho lina mafuta mazito, meusi, kama robo ya uzito wa ganda. Mama yangu alibangua korosho. Ngozi ya vidole vyake ilikuwa imeungua, inabanduka, inaota tena, inaungua tena. Alijipaka majivu kabla ya kuanza na bado mafuta yalipenya. Mafuta yale yale yaliyomla mikono ndiyo yanayotafutwa viwandani kwa rangi, kwa vanishi na kwa breki za magari.

Tunauza korosho ghafi kwenda India na Vietnam. Korosho ghafi ina ganda lake. Maana yake kila gunia linalopakiwa bandarini Mtwara linaondoka na resini yake ndani, tena sehemu kubwa ya uzito wa gunia ni ganda. Na hata viwanda vinavyobangua hapa, maganda mengi yanaishia kuchomwa tanurini. Hili linaniuma kila msimu.

---

#9 FundiRaskazone

NewalaHalisi, pole kwa mama, na asante kwa kulisema hivyo.

Hili la korosho na katani kukutana lilishafanyiwa kazi na Watanzania wenzetu. Profesa Elifas Bisanda, ambaye baadaye alikuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, alifanya kazi na Martin Ansell wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza. Mwaka 1992 walichapisha utafiti wa kompoziti ya katani na resini ya mafuta ya maganda ya korosho. Mati ya katani yaliyooshwa kwa kostiki yalilowanishwa resini hiyo, yakagandamizwa kwa joto, yakatoka bapa na yenye migongo kama bati. Kwenye kipimo cha kupindwa, yale ya migongo yalikuwa na nguvu ya kutosha kuezekea. Leonard Mwaikambo naye akaendeleza kazi ya nyuzi za asili na resini ya korosho huko huko Bath.

Zaidi ya miaka 30 imepita. Mimi fundi wa Tanga nimeyajua haya kwa kuhangaika mwenyewe, na hilo linanihuzunisha.

---

#10 BintiKemia

Naeleza kidogo kemia ya hayo mafuta, kwa faida ya wasomaji. Yakikamuliwa baridi, sehemu kubwa ni asidi ya anakadi, ndiyo inayounguza mikono. Ukiyapasha mpaka karibu nyuzijoto 180 na kuendelea, asidi inatoa kaboni dayoksaidi na kugeuka kadanoli. Kadanoli ni ndugu wa fenoli, kwa hiyo ikikutana na formaldihaidi inaungana minyororo kwa minyororo mpaka inakuwa ngumu, haiyeyuki tena. Tena ina mkia mrefu wenye asili ya mafuta, kwa hiyo inafukuza maji na ni laini kidogo kuliko resini ya fenoli ya kawaida. Kwa nyuzi zinazopenda maji kama katani, ni mwenzi mzuri.

Lakini formaldihaidi ni sumu na inasababisha saratani. Hii si kazi ya kufanyia uani kwenye jiko la mkaa. Inataka chombo kilichofungwa, bomba la kutoa hewa na mtu aliyefundishwa. Tafadhali.

---

#11 MwanaKilifi

Ndugu zangu, salamu kutoka Kilifi. Huku nasi tuna mkonge, wa Vipingo. Mimi nimeshika njia nyingine: plastiki iliyotumika.

Mtakumbuka jahazi la Flipflopi lililoshushwa majini Lamu mwaka 2018, limeundwa kwa tani 10 hivi za plastiki iliyookotwa. Kazi ile ilinipa moyo. Lakini plastiki tupu ina tabia ya kunepa: ubao wa benchi ukikaliwa kila siku kwenye jua, baada ya miezi unashuka katikati na haurudi. Mimi nasaga mitungi na vifuniko vya chupa, nachanganya na katani iliyokatwa urefu wa ukucha, napitisha kwenye mashine ya joto. Ubao unanepa kidogo sana ukilinganisha na ule wa plastiki tupu.

Kosa langu la kwanza lilikuwa haraka. Nilipandisha joto mpaka 230 ili mashine itoe mbao nyingi. Zikatoka rangi ya kahawa iliyoungua, zina mapovu ndani kama mkate wa mofa, na karakana nzima ikanuka sukari iliyoungulia sufuriani. Katani ikipita 200 inaanza kuoza kwa joto, na maji yaliyokuwa ndani yake yanageuka mvuke na kutoboa ubao. Sasa nakwenda 170, na katani inakaushwa kwanza. Mtungi unalainika kwenye 130 hivi, kwa hiyo nafasi ipo ya kutosha.

Nina neno moja kwa mleta mada, na nalisema kwa heshima. Paneli ya katani na polyesta ikichakaa utaipeleka wapi? Haiyeyuki, haiozi. Ubao wangu ukivunjika nausaga tena.

---

#12 FundiRaskazone

MwanaKilifi, hoja yako ni ya kweli na sina jibu la kuikwepa. Polyesta ikishakauka imekauka. Ninachokipata ni kupunguza resini na kuondoa kioo, ambacho vumbi lake limenikohoza miaka. Nikipiga msasa paneli ya katani, jioni sijikuni mwili mzima. Vijana wangu watatu wanalithamini hilo kuliko hesabu yoyote ya gigapaskali. Lakini kwa mabenchi, nguzo za uzio na vitu vya aina hiyo, njia yako ni bora kuliko yangu.

---

#13 Sele_Handeni

Vipi mchwa?

---

#14 FundiRaskazone

Sele, mchwa anaingia pale anapoiona selulosi. Uso uliofunikwa resini hajaugusa. Kipande kimoja nilikikata nikakisahau chini ya mwembe bila kupaka ukingo, akaanzia ukingoni na kuchimba ndani kufuata nyuzi, sentimita kama nne, resini akaiacha imesimama kama sega la nyuki. Kingo, kingo, kingo. Matundu ya skrubu pia yanapakwa resini kabla skrubu haijaingia.

---

#15 MwanaKorogwe

Nimefurahi uzi huu hauna matusi. Niongeze historia kidogo na swali.

Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyoanza safari kutoka Florida, 62 ndiyo iliyofika hai na kupandwa upande wa Pangani. Kutoka hiyo 62, mwaka 1964 nchi ilizalisha takribani tani 230,000. Halafu kamba za plastiki zikaingia sokoni, na sisi wa kambini tukaona korona moja baada ya nyingine zikinyamaza. Baba yangu alistaafu bila kustaafishwa, alienda kazini asubuhi akakuta geti limefungwa.

Kwa hiyo nikisikia matumizi mapya ya katani, nayasikiliza kwa masikio ya baba. Swali: ni nani atanunua? Mercedes walishaweka nyuzi za kitani na mkonge kwenye paneli za milango ya magari yao miaka ya 90, na sisi huku tunaendelea kufunga marobota.

---

#16 FundiRaskazone

MwanaKorogwe, najibu kwa ninachokiuza, maana sitaki kusema ya watu.

Wateja wangu wa katani ni wa aina tatu. Wenye nyumba wanaotaka dari isiyodondoka vipande ikivuja. Maseremala wanaonunua ubao wa kuwekea migongo ya makabati. Na shule moja ya msingi iliyochukua meza 20 mwaka jana. Meza zile nilizipitia mwezi uliopita. Watoto wamezichora kwa kalamu na kwa wembe, kona mbili zimepigwa zikabonyea, lakini hakuna hata moja iliyopasuka. Ufa kwenye katani hausafiri moja kwa moja, kila ukikutana na uzi unalazimika kuuzunguka au kuuvuta, na hapo unachoka. Kioo kinatoa nguvu zaidi, lakini kwa kipigo cha mtoto na begi lake katani inatosha kabisa.

Kinachonikwamisha ni mashine ya kugandamiza kwa joto. Kwa mkono na rola sipiti theluthi moja ya katani kwa ujazo, iliyobaki yote ni resini, na resini ndiyo gharama. Nikiwa na mashine ya kugandamiza, katani inapanda, resini inashuka, na bei ya paneli inaweza kushindana na ubao wa mbao laini. Nimeanza kuunda moja kwa jeki mbili za lori na sahani za chuma zenye hita za pasi ndani.

---

#17 MhandisiMbarali

Fundi, kabla hujaiwasha, hakikisha sahani zako hazipindi. Weka mbavu nyuma yake. Sahani ya milimita 10 ikisukumwa na jeki katikati tu, paneli itatoka nene pembeni na nyembamba katikati, na hutajua kosa liko wapi. Nitumie vipimo nikupigie hesabu, bure.

---

#18 NewalaHalisi

Na mimi Jumatatu naongea na dada mwenye kikundi cha kubangua hapa. Mafuta ya maganda wanayo, wanayamwaga. Ukihitaji lita tano za kujaribu kwenye vanishi ya kingo, nitazituma kwa basi.

---

#19 FundiRaskazone

Tuma, ndugu yangu. Nitakata vipande sita vya paneli ile ile, vitatu kingo zake zipakwe polyesta, vitatu mafuta ya korosho yaliyopikwa kama BintiKemia atakavyoelekeza, vyote viingie kwenye ndoo moja ya maji. Nitavipima uzito kila asubuhi kabla ya kufungua karakana, na namba nitaziweka humu siku kwa siku.

MhandisiMbarali, sahani ni sentimita 60 kwa 60, unene milimita 12. Jeki ni za tani 10 kila moja.